Leza Haina Ushuhuda

"Sista, sasa nitaanza kuona lini?"

Mzee aliuliza hivyo akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, kofia ameiweka magotini. Sista alikuwa amekumbatia mafaili yapata ishirini, na nyuma yake foleni imefika ngazini. Akamjibu bila kuinua uso: "Mzee, rudi baada ya wiki sita."

Mzee akatabasamu. Akanigeukia mimi niliyekuwa naye benchi moja, sote tumetoka kupigwa leza na tunangoja kupimwa presha ya macho tena kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. "Wiki sita si nyingi, mama," akaniambia. "Hata maharagwe hukaa zaidi."

Zile wiki sita ni za kurudi kupimwa. Leza haishushi presha papo hapo. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kama imefanya kazi. Sista alikuwa anataja tarehe ya kliniki, mzee akasikia tarehe ya kuona. Wameongea Kiswahili, uso kwa uso, umbali wa mkono mmoja, na kila mmoja ameondoka akidhani ameelewana na mwenzake.

Nimekasirika tangu siku hiyo, na kwa kuwa sina wa kumgombeza, nawaandikia nyinyi.

Nikiulizwa, nitasema mtoto wa jicho ndiye ametuharibia. Kila mtu Nairobi ana bibi, jirani au mama wa kanisani aliyetolewa mtoto wa jicho. Anaingia akiongozwa kwa mkono, kesho yake bandeji inafunguliwa, anataja rangi ya sweta ya daktari. Jumapili anasimama mbele, anasimulia, kwaya inaimba, sisi wote tunalia. Hiyo ndiyo picha tuliyo nayo kichwani ya mtu aliyetibiwa macho: aliingia haoni, akatoka anaona.

Sasa mlete huyo huyo aliyelia kanisani, mwambie ana presha ya macho na atapigwa leza. Atatarajia nini? Leza, tena! Neno lenyewe linasikika kama kitu cha kutoka angani. Anakaa mbele ya mashine, dakika chache zimeisha, anatoka nje ya mlango na kila kitu kiko vile vile, kama hakijazidi kuwa na ukungu. Wiki moja inapita, wiki nne, hakuna kipya. Na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa! Leza ikifanikiwa, hakuna kinachotokea. Ulichobaki nacho kinabaki. Presha huua mshipa wa fahamu wa jicho, na ukishakufa haufufuki, kwa leza, kwa matone, kwa kisu wala kwa maombi ya kukesha. Ni nani atakayesimama mbele ya kanisa aseme, "Bwana asifiwe, mwaka huu sijaona zaidi ya nilivyoona mwaka jana"? Kwaya itaimba wimbo gani hapo?

Shangazi yangu wa Kangemi alipigwa leza miaka michache iliyopita. Akasubiri muujiza wake. Ulipokosa kuja, akasema wamekula pesa yake, na kwa hasira akaacha hata matone aliyoambiwa aendelee nayo. Leo mjukuu ndiye humshika mkono kumpeleka msalani. Na kwenye WhatsApp ya familia, kila mtu akitajiwa leza, kuna mjomba mmoja ambaye lazima atume sauti ya dakika nne: "Hiyo kitu ndiyo ilimpofusha dada yetu." Mjomba, nakuheshimu, lakini shangazi alipofushwa na presha ambayo hakuna aliyekuwa akiizuia. Nimekwambia mara tatu. Unajibu kwa kidole gumba.

Mimi mwenyewe niligunduliwa kwa bahati. Nilikuwa nimeenda kutafuta miwani ya kusomea, umri ukishafika hamsini herufi huanza kukimbia. Kijana wa pale dukani akanipuliza upepo kwenye jicho kwa mashine, akanyamaza, akanipuliza tena. Presha ilikuwa 28. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Sikuwa na maumivu wala wekundu wowote. Ila kwa mwaka mzima nilikuwa nikigongana na watu pale soko la Muthurwa na kuwaona hawana adabu, kumbe mimi ndiye nisiyewaona wakija kutoka pembeni. Naomba radhi kwa yule mama wa nyanya. Nilimtukana bure.

Nikapelekwa kwenye kile kipimo cha kubonyeza kitufe kila ukiona nukta ya mwanga. Wanaokijua watacheka. Nilikichukua kama mtihani wa KCPE, nikawa nabonyeza hata nikihisi tu kwamba nukta inakaribia kuja. Yule fundi akanirudisha mwanzo. "Mama, hapa hakuna kupita wala kufeli." Sikumwamini hata kidogo.

Leza yenyewe, kwa wanaoiogopa, haina makuu. Unatiwa tone la ganzi, unaweka kidevu kwenye mashine ile ile ya kupimia, daktari anakubandika jichoni kilenzi chenye kitu laini kama ute wa yai. Halafu mwanga wa kijani: ta, ta, ta. Nilisikia kama mtu ananidonoa kidogo kwa ukucha, mara mbili tatu, basi. Macho yote mawili siku moja. Ndani ya jicho kuna maji, si machozi, ni mengine, nayo yana mtaro wake wa kutokea. Mtaro ukizembea, maji yanajaa, presha inapanda. Ule mwanga unaamsha mtaro. Jioni kichwa kiliuma kidogo, taa za magari zikawa kali, na nikampa makanga mia tano nikidhani ni mia. Alinirudishia. Sitaji njia ya matatu hiyo, wasije wakamfuata wote, lakini Mungu ambariki.

Haya yote niliyajua kabla ya kukaa kwenye kile kiti. Mnajua kwa nini? Kwa sababu binti yangu ni muuguzi, na alinikalisha jikoni Jumamosi nzima akichora jicho kwa biro nyuma ya bili ya stima. Akanieleza kwamba nguvu ya leza hupungua na miaka na inaweza kurudiwa. Akaniambia, "Mama, ukitoka pale usiseme haikufanya kazi. Hutajua kwa kuona. Mashine ndiyo itajua." Sentensi tatu, nne. Ndizo zilizokosekana pale benchini. Badala yake mzee alipewa fomu ya Kiingereza, kurasa mbili, akatia kidole gumba. Imeandikwa yote mle, najua, nimeisoma: haina uwezo wa kurudisha uwezo wa kuona uliopotea. Imeandikwa kwa lugha ambayo mwenye kidole hakusoma, ikawekwa kwenye faili, na sheria ikaridhika.

Sawa, nakubali, sista hana muda. Ukiwa na watu wale wote na mikono miwili, utamkalisha nani jikoni? Nakubali pia kwamba madaktari wa macho ni wachache na wengi wao wamejaa Nairobi, na mzee yule alikuwa ametoka Mwala, kule Machakos, alfajiri. Lakini kwenye chumba kile cha kungojea kuna televisheni kubwa ukutani. Siku nzima ilikuwa inaonyesha watu wa ng'ambo wakipika keki. Keki! Kwa watu wenye presha ya macho, nusu yao hata hawazioni. Si wangeweka mtu hapo azungumze kwa Kiswahili, kisha Kikamba, kisha Kikuyu, aseme mambo mawili: hii haitakurudishia macho, na usiporudi kliniki utapoteza yaliyobaki?

Kuna watakaoniambia leza ni ya wenye pesa, watu wetu watumie matone. Matone ya kila siku maishani, kopo likiisha kabla ya mshahara unafanya nini? Kule Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, waliwafuatilia wagonjwa kwa mwaka mmoja, kundi moja leza, kundi jingine matone ya timolol, na matokeo yakachapishwa 2021: leza ilifaulu kwenye macho 61 kwa kila 100, matone 31. Moshi ni hapo tu, ukivuka mpaka wa Namanga. Habari ya SHA, bima ya afya ya serikali, na wanacholipa na wasicholipa naiacha, nikianza hapo hatutalala. Na wewe ambaye mama yako ana presha ya macho na hujawahi kupimwa, unangoja nini?

Lakini niseme lililonileta. Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa sentimita thelathini kutoka kwa yule mzee, nina mchoro wa binti yangu kichwani, na aliponiambia habari ya maharagwe nilimwitikia, "Kweli, mzee, si nyingi." Niliona uso wake ulivyofurahi nikashindwa. Akaanza kunieleza kwamba kuna mjukuu amezaliwa Februari ambaye bado hajamwona sura, anamjua kwa kilio tu. Nikauliza jina la mtoto. Nikasema ni jina zuri. Kisha wakaniita ndani kupimwa, na nilipotoka benchi lilikuwa na watu wengine.

Kadi zetu zilikuwa na tarehe moja, niliiona yake alipoomba nimsomee. Ni Alhamisi ijayo, saa mbili asubuhi. Wa Mwala hufika mapema. Nitatoka Kayole saa kumi na moja.