Wasifu wa Marehemu Haumjui Marehemu

Kila nikienda likizo Moshi kuna swali ambalo sikwepi: "Eti huko Marekani mnawatupa wazee kwenye majumba?" Anayeuliza huwa ameshajijibu, anataka tu nithibitishe ajisikie vizuri. Bahati mbaya kwake, kazi yangu ndiyo hiyo. Ninahudumia wazee katika nyumba ya wazee kwenye mji mdogo wa Iowa, katikati ya mahindi na soya, na wengi wao walikuwa wakulima. Kwa hiyo najibu kwamba ndiyo, wako majumbani, na wapo ambao kweli wametupwa. Halafu namuuliza na mimi: mzee wako aliyeko Uru, kwetu juu mlimani Kilimanjaro, anaishi na nani?

Hapo ndipo maongezi hubadilika. Maana tunajua wote. Anaishi na dada wa kazi, mjukuu mmoja aliyeachwa na mama yake, na simu ya batani. Watoto wako Dar, Arusha, Dodoma, wengine huku tuliko sisi. Kitinda mimba, ambaye kwa mila ndiye anayebaki na boma la baba, amejenga nyumba ya vigae pembeni ya ile ya zamani na anaifungua Desemba. Kuanzia Januari mlima unabaki wa wazee na watoto wa shule. Hatujawapeleka kwenye majumba, ni kweli. Tumewaacha kwenye majumba yao wenyewe, kisha tukajisifu.

Lakini si hilo la nani anaishi na nani linalonisumbua zaidi. Linalonisumbua ni kwamba hatuwajui.

Hapa ninapofanya kazi, mzee akipokelewa familia hupewa fomu. Simaanishi ile ya dawa na bima. Hiyo ipo, na ni ndefu ajabu. Kuna nyingine inayouliza mambo ambayo ukiyasoma mara ya kwanza utaona ni ya kupoteza muda. Alipenda kuitwa nani? Aliamka saa ngapi? Alifanya kazi gani, alilima nini, alifuga nini? Nini humkasirisha? Majibu yanabandikwa chumbani, ndani ya mlango wa kabati, na kila mhudumu mpya lazima ayasome kabla hajamgusa mzee.

Tuliwahi kuwa na mzee aliyefuga ng'ombe wa maziwa, kumbukumbu zimeshaanza kumkimbia. Saa kumi na nusu alfajiri anaamka, anavaa viatu kushoto kulia, anaufuata mlango wa nyuma. Ukimrudisha kitandani anapigana, na alikuwa bado ana nguvu za mtu wa shamba. Karatasi ndiyo iliyotuokoa: saa hiyo alikamua ng'ombe maisha yake yote. Basi tukawa tunampa kahawa, tunamvika koti, tunazunguka naye korido mpaka aseme ng'ombe wamekwisha. Anarudi kulala mwenyewe. Hatukuhitaji dawa ya usingizi.

Sasa njoo Uru. Jirani yetu mmoja, meku, yaani mzee wa Kichaga, aliyepita miaka 80, alianza kutoka usiku na jembe begani. Dada wa kazi, binti wa watu kutoka Singida ambaye hakuna aliyemweleza chochote, akaogopa. Wapo waliosema mzee karogwa. Watoto wakakubaliana kwenye simu kwamba mlango ufungwe kwa nje. Mzee akawa anaugonga usiku kucha, majirani wanasikia, na binti analia chumbani kwake.

Wazee wenzake wawili watatu waliobaki walijua kinachomtoa. Alikuwa anakwenda kushika zamu ya maji.

Kwa asiye wa mlimani: mfongo ni mfereji unaochukua maji juu huko karibu na msitu na kuyaleta vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, ukipita kwenye mbavu za vilima kwa mteremko uliopimwa kwa macho. Ukizidisha, maji yanabomoa kingo, ukipunguza, yanalala. Mingine ilichimbwa kabla Mjerumani hajafika. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, na zamu zake, na siku ya kuusafisha, na faini kwa asiyekuja. Zamu ikikuangukia usiku, unakwenda usiku, na unakaa hapo hapo, kwa sababu ukiondoka aliye juu yako ataukata na maji yataishia kwake. Yule mzee alikesha kwenye kingo hizo tangu ujana. Akili ilipoanza kuachia mambo, hilo ndilo lililobaki. Angetembezwa tu mpaka pale mfereji ulipokuwa, hata kama siku hizi ni mkavu na watu wana mabomba, akagusa udongo kwa jembe lake, nadhani angerudi kulala kama yule wa Iowa. Lakini nani angemtembeza, wakati waliokuwa wakipanga habari zake hawakujua kwamba alikuwa mtu wa mfongo?

Mazishi yake niliyafuatilia kwenye YouTube, saa kumi alfajiri ya huku. Tenti nyeupe, vitenge vya sare, droni inapita juu ya migomba, mabasi madogo kutoka Dar yamejaa barabara nzima. Ukaja wasifu. Nadhani hata wewe unaujua bila kuusikia. Alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu, wakajaliwa watoto tisa, wajukuu kadhaa na vitukuu. Marehemu alikuwa mkulima. Alianza kusumbuliwa na presha na kisukari, akapelekwa hospitali. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Magonjwa yalipewa aya nzima. Kilimo kilipewa neno moja.

Na ni maisha gani yaliyobanwa ndani ya neno hilo! Mtu aliyezaliwa miaka ya 1930 Uru, baba yake ni wa kizazi kilichoanzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, wakati walowezi hawataki hata kusikia kwamba Mwafrika analima kahawa, kisha kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, mwaka 1933. Yeye mwenyewe alipalilia, alipuliza dawa ya chulebuni, ugonjwa wa kahawa, akiwa amejifunga kitambaa puani, alibeba magunia hadi chama cha msingi, akasubiri malipo ya pili kama watu wanavyosubiri mshahara. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, miaka ya 1980 ikavirudisha. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unapanga kila nchi iuze kahawa kiasi gani ukavunjika, bei ikaanguka, na watoto wake walikuwa katikati ya sekondari. Akauza nini ili wamalize? Akakopa kwa nani? Aliwahi kufikiria kung'oa mibuni kama wenzake walivyofanya baadaye, wakapanda nyanya? Waliokaa viti vya mbele wamevaa suti walizozipata kwa shule ile, na hakuna aliyesimama kusema.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, hapo hapo Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia. Miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, viazi vikuu na magimbi chini kabisa, ng'ombe bandani na samadi inarudi shambani. Wageni wanakuja kupiga picha. Mfumo umepata cheti. Waliouendesha tunawazika kwa neno "mkulima".

Kwa akina mama ni vibaya zaidi, na hapa sitatafuta maneno laini. Kahawa ilikuwa ya baba, ndizi za mama. Kahawa ilikuwa na risiti, kitabu cha chama, namba ya mwanachama, yote kwa jina la baba. Ndizi hazikuwa na karatasi yoyote. Mama anajua mkungu upi ni wa supu ya mtori, upi wa pombe ya mbege, upi ukatwe leo ufike soko la Kiboriloni kabla haujaiva, na mgomba upi akatiwe ng'ombe. Anashuka tambarare kwenye shamba la mahindi, anapanda na mzigo wa majani kichwani, kilomita na kilomita za mteremko ule ule. Pesa ya chumvi, sare, daftari na nauli ya kwenda Moshi mjini inatoka kwenye ndizi zile. Siku ya kuzikwa anasomewa: "Marehemu alikuwa mama wa nyumbani." Nyumbani gani? Nimeisikia sentensi hiyo kwenye misiba mingi mno, tena ikisomwa na watoto aliowasomesha kwa ndizi hizo.

Huku kwenye vijiji vya Iowa, gazeti dogo la wilaya likiandika habari za bibi aliyefariki, litakuambia kwamba wakati wa mavuno yeye ndiye aliyeendesha lori la mahindi, kwamba daftari la hesabu za shamba lilikuwa lake, kwamba alifuga kuku na pesa ya mayai ilikuwa mali yake binafsi. Habari za babu zitasema hakuwahi kuliamini trekta lolote lisilokuwa John Deere. Kwenye makaburi utaona mawe yaliyochongwa trekta au zizi. Kuna pia mpango wa jimbo ulioanza mwaka 1976: familia iliyomiliki shamba lile lile miaka 100 au zaidi, lisilopungua ekari 40, inapewa kibao cha kuweka getini, na sherehe yake hufanyika kwenye maonyesho makubwa ya Agosti huko Des Moines. Ekari 40! Vihamba vyetu visingefuzu kwa ukubwa, ingawa kwa umri vingi vinawaacha mbali. (Na kibao hakisemi nani alikuwa kwenye ardhi ile kabla ya hiyo miaka 100. Wameskwaki, wenyeji wa huku, walilazimika mwaka 1857 kuinunua tena kwa pesa yao sehemu ya ardhi waliyonyang'anywa. Kila nchi ina watu inaowasahau makusudi.)

Sasa usije ukadhani nawatukuza. Yule mzee wa ng'ombe karatasi yake ilijazwa vizuri na mwanawe, kisha mwanawe akarudi Arizona, na sikumwona tena mpaka siku ya kuchukua sanduku la nguo. Fomu ipo, mtoto hayupo. Bima ya serikali ya wazee hailipii kuishi kwenye nyumba hizi muda mrefu. Unalipa mwenyewe mpaka mali iishe karibu yote, ndipo mpango wa wasiojiweza unapokupokea. Nimeona mashamba yakiuzwa ili kulipia kitanda. Wana afadhali moja, kwamba wakulima wao waliingizwa kwenye pensheni ya taifa kwa sheria ya mwaka 1954. Kwetu Tanzania, Zanzibar ilianza pensheni ya wazee wote wa miaka 70 na kuendelea mwaka 2016. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro pensheni yake ni watoto wake na salio la simu. Na mazishi? Nimekwenda kumzika mkulima wa huku ambaye waombolezaji wake wasingejaza Hiace mbili. Kwa kusindikizana sisi tumewazidi, na sitaki tuache.

Ila kamati ya mazishi ina mtunza hazina, mtu wa chakula, mtu wa usafiri, mtu wa video, na wasifu unaandikwa usiku wa kuamkia mazishi na yule mwenye mwandiko mzuri, akiuliza huku na kule: "Alibatizwa mwaka gani?" Wakati mwenyewe, aliyejua yote, amekaa kibarazani miaka kumi akisubiri mtu wa kuongea naye. Kuhusu Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, tunajua. Alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na familia yake imelitafuta fuvu lake kwa miaka mingi. Ni haki. Lakini hao waliochimba mifongo na kujaza matumbo ya mlima mzima, nani anawatafuta, na wengine bado wako hai?

Mimi nimeanza na mama yangu mkubwa. Yeye hana presha, ana maneno. Nilimwomba binamu yangu aliyeko huko amrekodi kwa simu, nikampa na maswali: alianza lini kwenda sokoni, nani alimfundisha kuchagua mikungu, ndizi zilisomesha nani na kahawa ilisomesha nani, mfongo ulipita wapi. Rekodi ya kwanza ilinijia wiki iliyopita. Karibu yote ni ugomvi wa bei kule Kiboriloni na mwanamke mmoja ambaye naye alishafariki, kila senti akiikumbuka. Lakini kabla hajaanza, unamsikia binamu akimwamkia na kumweleza kazi yenyewe, halafu sauti ya mama mkubwa, kavu kabisa: "Na huyo wa Marekani anayetaka habari zangu, muda wangu analipa nani?"

Nimemtumia.