Kiti Kimoja Tu, Wallahi

Sinema ya mtaani ilipofungwa na vitu kuanza kuuzwa, nilimwambia mke wangu naenda kununua kiti kimoja tu, kiwe ukumbusho. Kimoja, wallahi.

Mwanielewe. Zamani kisiwani Mombasa ulikuwa na pa kuchagua: Regal, Naaz, Majestic. Picha ya Kihindi ilikuwa ya saa tatu nzima, steringi anaimba mvuani na nguo zake hazichafuki. Ilikuja imekatwakatwa kwenye mikebe, na pale petu siku moja fundi wa mashine akaichanganya: steringi akazikwa, kisha akaja kuoa. Tulipiga makofi, maana steringi hafi. Kaseti za video zilipoingia miaka ya 1980, watu thelathini wakajazana sebule moja kwa jirani mwenye dekki, na ukumbi ukaachiwa paka.

Basi muuzaji akaniambia viti viko vinne, vimeshikana kwa chuma. "Ukitaka kimoja, njoo na msumeno." Nikalipa vyote. Hamali akaitazama ile safu, akanitazama mimi, akataja bei mara mbili.

Barabara ya Digo tulipita vizuri. Kibokoni, kwenye kona ya kichochoro chetu, safu ikakwama: ncha moja kiambazani, nyingine mlangoni kwa bibi jirani. Tukasukuma, tukavuta, hamali akanyanyua, mkokoteni ukachomoka chini yake. "Yakhe, mimi nina kazi nyingine," akasema, akaenda zake. Viti vikabaki vimesimama imara, kana kwamba njia ilijengwa kwa ajili yao.

Mlango ukafunguka kwa ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nini hino?"

"Viti vya sinema, bibi."

Akavaa miwani, akasoma nambari iliyopigwa rangi mgongoni, akakunja uso. "Hivi ni vya chini. Mimi na babu yako tulikuwa tukikaa juu." Akaketi hata hivyo. Muuza kahawa akatokea akigonganisha vikombe, wazee wawili wakajaza nafasi, kashata zikazunguka. Nyuma yao pikipiki inapiga honi, mbele yao watoto wamechuchumaa wakisubiri, sijui wasubirini, labda picha ianze. Mimi nimesimama na kikombe mkononi, nimekosa kiti kwenye viti vyangu mwenyewe.

Mzee wa kwanza akajikuna. Wa pili akainuka. Bibi akatia kidole kwenye mshono wa mto, akatoa kitu, akakisogeza karibu na miwani.

"Mjukuu wangu, si wasema sinema imefungwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi mbona kunguni hawajaambiwa?"

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu alinifungulia dirisha, mlango hakuugusa. Akateremsha kikapu kwa kamba: kikoi safi, sabuni, na kopo la dawa ya wadudu.