Tangi kubwa au dogo? Hesabu ya maji ya mvua nyumbani Uganda

Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye paa la mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Chukua nyumba ya mabati mjini Kampala yenye paa la mita 40 za mraba. Mvua ya mwaka huko huzunguka milimita 1,200, kwa hiyo paa hilo hupokea lita 48,000. Toa asilimia 15 au zaidi kidogo kwa maji yanayoruka nje ya gata, yanayokauka kwenye bati la moto na yale ya kwanza yanayomwagwa kwa uchafu. Zinabaki kama lita 40,000, yaani jerikeni 2,000 za lita 20.

Wanaopigia debe maji ya mvua hupenda kuishia kwenye namba hiyo. Nunua tangi la lita 10,000, wanasema, uagane na bili ya NWSC, shirika la maji la taifa, na wauza maji wa baiskeli. Wapinzani wao wanajibu kwamba mvua hukuhudumia wakati huna shida na kukutupa wakati wa kiangazi, hivyo heri fedha hizo zilipie kuunganishiwa bomba. Kila upande una lake la kweli, ila wote wanalipima tangi kwa ukubwa. Kipimo chenye maana zaidi ni mara ngapi kwa mwaka linajaa na kutumika.

Tufanye hesabu. Familia ya watu 5 inatumia lita 100 kwa siku, yaani jerikeni 5. Kusini na katikati ya Uganda kuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na miezi hiyo sita huleta karibu theluthi mbili ya mvua yote ya Kampala. Kwa paa letu hizo ni kama lita 27,000. Familia inatumia lita 18,000 humohumo, kwa hiyo ziada ya kuweka akiba ni lita 9,000, nusu yake kila msimu. Ina maana kwamba tangi la lita 10,000 kwenye paa hilo halitajaa kamwe katika mwaka wa kawaida, isipokuwa familia ijibane wakati mvua inamwagika nje. Aliyelinunua amelipia hewa.

Sasa tangi la lita 1,000. Mvua moja ya milimita 20 huliongezea karibu lita 680, na katika miezi ya mvua linajaa na kupungua tena na tena. Hata kiangazi cha Kampala si kikavu kabisa: Januari na Julai hunyesha mara kadhaa. Tangi hilo dogo linaweza kutoa zaidi ya lita 20,000 kwa mwaka. Ukiongeza lita 4,000 za ujazo utapata labda lita 10,000 au 12,000 nyingine, na ukiongeza 5,000 juu ya hapo hupati karibu chochote. Kwa Kampala, Wakiso au Mukono, ambako bomba au muuza maji hayuko mbali, ningeanza na lita 1,000 hadi 2,000. Fedha zinazobaki ziende kwenye magata, ambayo yakiwa mabovu ndiyo hasa huharibu kazi.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kila lita kuwa sawa, na hapo hoja ya tangi kubwa inapata nguvu. Lita ya Aprili si sawa na lita ya Julai kwa mtu wa wilaya kavu kama Isingiro au Nakasongola anayefuata maji mbali, au anayeyanunua kwa bei inayopanda jua likizidi. Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, ni ngumu zaidi kwa sababu msimu wa mvua ni mmoja. Kiangazi cha siku 150 kwa lita 100 kwa siku kinahitaji lita 15,000 za akiba, na kaya nyingi haziwezi kujenga tangi hilo, wala nyumba ya nyasi haiwezi kulijaza. Suluhisho ni kubana matumizi mapema: maji ya tangi yawe ya kunywa na kupikia tu, lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu 5 kwa siku 150 wanahitaji lita 3,750. Kufua, kuoga na mifugo vibaki kwa kisima cha kuchimba, ambacho sehemu nyingi za nchi kina maji yenye ladha ya kutu yasiyopendwa kunywewa hata hivyo.

Tangi la plastiki ni ghali kwa lita moja, lakini fundi hawezi kuliharibu kirahisi. La matofali na saruji ni nafuu zaidi kadiri linavyokuwa kubwa, na ndilo linalovuja. Sababu ni zilezile: limejengwa la mraba likapasuka pembeni badala ya kuwa la duara, plasta imeachwa ikauke juani bila kumwagiwa maji kwa angalau siku 7, au limeachwa tupu kiangazi kizima saruji ikanywea na kupata nyufa. Acha sentimita 20 za maji chini daima. Matangi ya turubai yanayofukiwa ardhini, kama yale ya Bonde la Oruchinga huko Isingiro, ndiyo nafuu kuliko yote, ila mchwa na panya wakitoboa hujui mpaka maji yamekwisha, na ndoo inayotumbukizwa huingiza uchafu kila siku. Tangi lolote la ardhini likae upande wa juu wa choo kwenye mteremko, lisiwe chini yake, na liwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuuinua.

Turudi kwenye magata. Kanuni ya haraka ni sentimita 1 ya mraba ya tundu la gata kwa kila mita 1 ya mraba ya paa. Gata la nusu duara lenye upana wa sentimita 10 lina kama sentimita 39 za mraba, hivyo linatosha paa letu lote. Mteremko wa sentimita 1 kwa mita unatosha, lakini kwenye gata la mita 9 huo ni mshuko wa sentimita 9, na mwisho wa chini maji ya mvua kali yanaruka juu ya gata. Fundi mzuri anashusha nusu sentimita kwa mita katika theluthi mbili za kwanza, kisha sentimita 1 kwa mita mwishoni. Vishikio viwe kila sentimita 60 hadi 80. Vikiwa mbali zaidi gata linalegea, maji yanasimama na mbu wanazaliana.

Maji ya kwanza yatupwe. Nusu milimita juu ya mita 40 za mraba ni lita 20, jerikeni moja kamili. Bomba la milimita 110 linabeba karibu lita 9 kwa mita, kwa hiyo bomba la wima la mita 2.3, lililozibwa chini na kutobolewa tundu la milimita 3 ili lijimwage lenyewe, linafanya kazi hiyo. Likitegemea mtu akumbuke kulifungua, litasahauliwa. Kampala, ambako kaloli, wale korongo wakubwa wala takataka, hutua na kunya juu ya mapaa, hili si pambo.

Je, yanywewe? Maji ya mvua hayana chumvi wala kutu na sabuni huyapenda, lakini kinyesi cha ndege na mijusi huleta vijidudu. Yakikaa kimya gizani siku kadhaa hupungua vijidudu, ila si kiasi cha kuaminika. Chemsha hadi yatokote vizuri, au weka mililita 1 ya klorini ya maji isiyo na manukato, ya asilimia 3.5 hadi 5, kwenye jerikeni ya lita 20 na usubiri dakika 30. Paa la asbesto au lililopakwa rangi yenye risasi lisitumike kwa maji ya kunywa.

Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Jukwaa la matofali lililojazwa udongo usioshindiliwa huzama upande mmoja. Shindilia kwa tabaka na mwaga zege juu. Koki iwe sentimita 50 kutoka ardhini ili jerikeni ipite chini yake, na iwe sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope lisitoke. Bomba la kutolea maji ya ziada tangi likijaa liwe na upana sawa na la kuingizia, lifunikwe wavu wa mbu, na limwage mbali na jukwaa.

Kuna anayedai matangi yatamaliza mafuriko ya Bwaise, mtaa wa bondeni Kampala. Mvua ya milimita 60 juu ya paa letu ni kama lita 2,000. Tangi la lita 1,000 lililojaa jana halizuii hata tone.

Wanaosahaulika ni wapangaji wa mizigo, vile vyumba vya kupanga vilivyopangana chini ya paa moja refu. Paa ni la mwenye nyumba, naye hana haraka. Mpangaji akubaliane naye kwa maandishi kwamba magata yaliyofungwa kwa skrubu yatafunguliwa akihama, na achukue tangi la plastiki la lita 500 linalobebeka likiwa tupu. Vyumba 4 vikichangia gata moja, kila kimoja kinalipia mita 3 tu.