Wimbo wa kuchekesha sio lelemama

Mi nyimbo za kuchekesha nazipenda tangu utotoni, na sio ule upendo wa kusikia mara moja ukacheka ukasahau, hapana, nazipenda hasa, vile wengine wanavyopenda nyimbo za mapenzi. Kaseti ya kwanza niliyoipiga mpaka mkanda ukawa unajikunja ilikuwa ya nyimbo za vichekesho. Kuna mmoja humo jamaa anaimba kwa huzuni kabisa, sauti nzito, vinanda vinalia, halafu katikati ya kiitikio anapiga chafya, na chafya yenyewe inadondoka palepale ngoma ilipotakiwa kulia. Nilikuwa narudisha mkanda kwa kalamu ya biki ili nisimalize betri, nasikiliza chafya, narudisha tena. Nilikuwa na miaka kama nane hivi na nilishaelewa kwamba angechelewa kidogo tu basi, hakuna cha kuchekesha pale.

Ndo maana huwa inaniuma mtu akiniambia huo sio muziki ni upuuzi.

Hebu mchukulie George W. Johnson, mtu mweusi aliyezaliwa Virginia kule Marekani enzi za utumwa. Miaka ya 1890 alivuma kwa wimbo ambao kiitikio chake ni kicheko tu, ha ha ha mwanzo mwisho, ila kicheko kinachofuata mapigo. Sasa zamani hizo hakukuwa na namna nzuri ya kutoa nakala nyingi za rekodi, kwahiyo ilibidi aimbe wimbo uleule tena na tena, siku nzima, na kila mara acheke upya kama vile ndo ameona kitu cha kuchekesha sasa hivi. Jaribu kucheka kwa makusudi mara kumi tu uone kifua kinavyokuwa, halafu uniambie huo ni upuuzi. Na maneno ya wimbo wenyewe yalimdhalilisha mtu mweusi, yaani alikuwa anauza kicheko juu ya matusi yake mwenyewe, hilo siwezi kulisahau kila nikiusikia. Baadaye, miaka ya 1920, Mwingereza Charles Penrose akauchukua mdundo ule akaimba kuhusu polisi anayecheka, na wengi wanaujua huo wa polisi tu, Johnson hawamjui kabisa.

Halafu zile sauti nyembamba za Chipmunks, kindi wa kubuni wanaoimba, wa Mmarekani Ross Bagdasarian, mwaka 1958. Watu wanadhani alibana pua tu. Alipunguza kasi ya mashine ya kurekodi ikawa nusu, akaimba taratibu, kila neno akilitamka kwa utulivu, halafu akairudisha kasi ya kawaida na sauti ikapanda juu. Kwahiyo ili mtu acheke yeye ilibidi aimbe polepole kama msiba na bado asitoke nje ya mapigo. Ule wimbo wao wa Krismasi ulipata Grammy tatu kwenye sherehe ya kwanza kabisa ya tuzo hizo 1959, na moja kati ya hizo tatu ilikuwa ya ufundi wa kurekodi. Ya ufundi jamani!

"Weird Al" Yankovic, yule Mmarekani anayegeza nyimbo za watu kwa maneno ya kuchekesha, sina haja ya kumwelezea sana, alianza na akodiani, wimbo wake mmoja wa mwanzo alirekodia chooni 1979 kwasababu mwangwi wa mle ulikuwa mzuri, na 2014 albamu yake ikaingia moja kwa moja namba moja Marekani. Mi ninachompendea ni kwamba bendi yake ikigeza wimbo wa mtu inapiga kama wenyewe kabisa, hakuna kulipua, na huwa anaomba ruhusa kwa mwenye wimbo kwanza.

Wanaonishinda ni wale wanaoimba huku wanajichekea wenyewe, unaachiwa kazi gani wewe msikilizaji? Na wanaocheka kilema cha mtu, hao nazima.

Ile kaseti ilishakufa zamani ila wimbo wenyewe nimeupata mtandaoni, juzi nikamwekea mpwa wangu. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akanyamaza akaniuliza, "Mjomba, sasa alijuaje pa kupiga chafya?"