Namba 925 na jina la fundi: kipi kitangulie

Mteja anayenunua pete, kikuku au mkufu wa fedha kwa sonara wa Mwanza siku hizi hukigeuza kito upande wa ndani kwanza, akitafuta tarakimu tatu: 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000 za madini ya kito. Akizikuta moyo hutulia. Asipozikuta huanza kushuku kwamba fundi ana jambo analolificha. Wapo wanaotaka kila kito cha fedha kilichotengenezwa kwa mkono kipigwe namba hiyo kwa lazima, na asiyeipiga ahesabiwe kuwa mdanganyifu. Rai hiyo ina nia njema, na hoja zake nitazieleza kwa haki. Hata hivyo, fundi anayesita kupiga 925 hajaeleweka, na katika kusita kwake mara nyingi mna uaminifu mkubwa kuliko uliomo katika namba zinazopigwa kila siku bila mtu wa kuzisimamia.

Hoja ya mnunuzi ni nzito. Upo mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki ambao hung'aa kama fedha ilhali hauna hata chembe ya fedha, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha. Jicho haliwezi kuutofautisha ukiwa mpya, na sumaku haisaidii, kwa sababu haiuvuti mchanganyiko huo kama isivyoivuta fedha. Bangili ya gramu 20 ya fedha ya 925 ikizamishwa husukuma maji ya takriban mililita 1.9, na ya mchanganyiko ule husukuma takriban mililita 2.3, tofauti ipo, lakini ni ya kupimwa kwa mzani mzuri na mkono uliotulia, si ya kupimwa dukani huku mwenye duka akisubiri. Mwenye ngozi isiyopatana na nikeli huugundua udanganyifu kwa kuwashwa, akiwa amekwisha kulipa. Kwa mtu wa namna hii alama ni kinga, na ndiyo maana nchi nyingi hazikumwachia muuzaji peke yake kazi ya kusema bidhaa yake ni nini. Uingereza ilianza mwaka 1300, wakati wa mfalme Edward I, kwa kuamuru vyombo vya fedha vifikie kiwango kilekile cha sehemu 925 katika kila 1,000 na vipigwe alama ya kichwa cha chui. India iliufanya muhuri wa ubora wa dhahabu kuwa wa lazima mwaka 2021, ikianza na baadhi ya wilaya zake.

Lakini mifano hiyo, inayotajwa mara kwa mara, inahusu jambo tofauti na lile linalofanyika kwenye meza zetu. Kichwa cha chui hakikupigwa na fundi aliyekitengeneza chombo. Kilipigwa na wasimamizi waliokuwa wamekwisha kuipima fedha yenyewe, na mwaka 1363 sheria ikaongeza kwamba kila fundi awe na alama yake binafsi, ili chombo kikionekana kuwa na kasoro ajulikane wa kuulizwa. Namba 925 inayopigwa na muuzaji mwenyewe, kwa muhuri wa chuma ambao yeyote anaweza kuununua, haina mpimaji nyuma yake wala mwenyewe. Inasema kiwango bila kusema ni nani aliyekisema. Muuzaji wa ule mchanganyiko wa nikeli anaweza kuipiga kwa nyundo moja, na ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kuipiga.

Sasa tumtazame fundi. Sehemu kubwa ya kazi ya sonara mdogo si kununua bamba jipya lililokwisha kupimwa. Mteja humletea mikufu iliyokatika, hereni iliyobaki moja, bangili ya marehemu bibi, na pengine sarafu za zamani, akitaka vyote viyeyushwe vifanywe kitu kipya cha harusi. Reale ya Maria Theresa, yenye tarehe ya 1780 hata ilipotengenezwa miaka mingi baadaye, ina uzito wa gramu 28 na fedha ya sehemu 833 katika 1,000. Rupia ya fedha ya India na ile ya utawala wa Wajerumani zilikuwa na 917. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921, ambayo familia nyingi zimeitunza zikiamini ni fedha tupu, ilikuwa na robo tu ya fedha. Bangili iliyofuliwa kwa reale tupu ni fedha halisi kwa kila maana ya neno, wala fundi hakuiba kitu ndani yake, lakini si 925 na haitakuwa. Ili aifikishe reale moja kwenye 925 itambidi aongeze takriban gramu 34 za fedha safi mpya, yaani nyingi kuliko ile ya urithi aliyoletewa. Mteja anayetaka kumbukumbu ya bibi yake abaki na kito ambacho zaidi ya nusu yake ni madini ya dukani atakuwa amepata namba na kupoteza alichokijia.

Hata pale fundi anapoanza na bamba la 925 lisilo na shaka, kazi ya mkono yenyewe huishusha namba. Hili ndilo linalosahaulika zaidi na wanaodai sheria ya lazima, nami naliona kuwa kiini cha suala zima, kwa hiyo nitalieleza kwa hesabu. Viungo vya fedha huunganishwa kwa lehemu, na lehemu lazima iyeyuke kabla ya fedha inayoungwa. Ndiyo maana huchanganywa na shaba na zinki na kubaki na fedha pungufu, tuseme sehemu 650. Chukua kito cha gramu 10 ambacho gramu 9.5 ni fedha ya 925 na nusu gramu ni lehemu hiyo. Kikiyeyushwa chote na kupimwa, kitatoa sehemu 911. Fundi hakudanganya popote. Alinunua bamba sahihi, akatumia lehemu sahihi, akaunga vizuri, na bado namba aliyoipiga imekuwa si ya kweli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 iliona tatizo hili ikaruhusu kito kizima, pamoja na lehemu yake, kipungue kwa sehemu 10 na si zaidi, yaani kisishuke chini ya 915. Kwa lehemu ya 650, ruhusa hiyo huisha pale lehemu inapozidi takriban asilimia 3.6 ya uzito wa kito. Katika kito cha gramu 10 hiyo ni gramu 0.36, na kila aliyewahi kuunga mkufu wenye pete ndogondogo, kiungo baada ya kiungo, anajua jinsi kiasi hicho kinavyokwisha upesi.

Matokeo yake ni kwamba kipimo kikali cha namba moja humbana zaidi yule mwenye kazi nyingi ya mkono. Pete iliyomiminwa kiwandani kwenye kalibu, kipande kimoja kisicho na kiungo hata kimoja, hupita bila taabu. Mkufu uliovutwa waya, ukakatwa, ukapindwa na kuungwa na mtu mmoja kwa siku kadhaa unaweza kuanguka. Dawa ipo, na mafundi wa kweli wanaijua: kuanza juu zaidi. Kwa kila gramu nne za fedha ya 925 akiongeza gramu moja ya fedha safi, atapata bamba la karibu 940, na kito kile cha gramu 10 chenye nusu gramu ya lehemu kitatoka kikiwa 925 kamili. Ila fedha safi hiyo inanunuliwa, na mteja aliyeleta madini yake mwenyewe hakujiandaa kuilipia.

Wengine husema mashine itamaliza ubishi. Mashine za eksirei zinazosoma madini bila kuyakwangua ni za manufaa, lakini husoma ngozi ya juu tu. Kito kilichopashwa moto na kuchemshwa katika tindikali hafifu, kama vinavyofanyiwa karibu vyote baada ya kulehemu, hupoteza shaba ya juu na kubaki na ngozi ya fedha iliyo safi kuliko ndani yake. Kilichochovywa fedha juu ya shaba kinaweza kuidanganya mashine kabisa. Kipimo cha kuaminika bado kinahitaji kipande kidogo kikatwe au kikwanguliwe na kuyeyushwa katika asidi, kisha fedha iliyomo ihesabiwe kwa maji ya chumvi ya kipimo maalumu, njia iliyowekwa na Gay-Lussac huko Ufaransa katika karne ya 19. Kwa kikuku chembamba cha bei ndogo, gharama ya kipimo hicho inaweza kula faida yote ya fundi. Waingereza wenyewe, pamoja na ukali wao, wamekisamehe kupimwa na kupigwa alama kito cha fedha chenye uzito chini ya gramu 7.78.

Kwa sababu hizi naona mpangilio ugeuzwe: jina la fundi litangulie, namba ifuate. Marekani ilifika huko mwaka 1961 iliporekebisha sheria yake: kupiga namba ya ubora si lazima, lakini anayeipiga lazima aweke karibu nayo alama yake iliyosajiliwa. Ujerumani, kwa sheria yake ya mwaka 1884, iliruhusu fedha kuanzia sehemu 800 ipigwe kiwango chake halisi, na hakuna anayeona haya kuvaa kito cha 800 cha Kijerumani. Fundi wa Mwanza aliyeyeyusha reale ana haki ya kupiga 800 pamoja na herufi zake, na mnunuzi akaelewa kwamba ameambiwa ukweli wenye mwenyewe. Fundi asiyejua kiwango cha madini aliyoletewa apige herufi zake peke yake, na aandike kwenye stakabadhi kuwa alitumia fedha ya mteja.

Upande wa pili una jibu, nami silidharau. Watasema herufi mbili za fundi hazimwambii mgeni aliyeshuka kwenye meli kutoka Bukoba kitu chochote, wakati 925 inasomeka duniani kote. Na kwamba alama ya fundi maarufu nayo itaghushiwa. Yote mawili ni kweli. Ila kughushi namba isiyo na mwenyewe hakumkasirishi mtu mahususi, na kughushi alama ya fundi aliye hai kunamfanya yeye mwenyewe awe mlinzi wake wa kwanza. Tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inayokataza maelezo ya uongo juu ya bidhaa, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Kinachokosekana kwenye pete iliyopigwa 925 peke yake ni mtu wa kuitwa.

Mwanza ina nafasi nzuri kuliko miji mingi. Kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichopo Ilemela, kilichozinduliwa mwaka 2021, husafisha hadi 999.9, na dhahabu haiwezi kufikia usafi huo bila kutenganishwa na fedha inayoandamana nayo kutoka ardhini. Ujuzi wa kupima upo tayari mjini. BRELA husajili alama za biashara, na SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi. Ningependa masonara waanze wenyewe, kabla ya kusubiri kanuni, na jambo moja lisilo na gharama kubwa: London mafundi walipiga alama zao kwenye bamba la shaba lililotunzwa na chama chao, ili alama yoyote yenye shaka ilinganishwe nayo. Bamba kama hilo, likiwekwa mahali ambapo mnunuzi anaweza kuliona bila kuomba ruhusa ya mwenye duka, lingepaswa kubeba pia alama za wale wanaofanya ukarabati tu, kwa sababu fundi anayeongeza lehemu yake kwenye mkufu wa mwenzake ameshabadilisha kiwango chake, na herufi za fundi wa kwanza hazipaswi kubebeshwa kazi ya wa pili.