Akili za mtoto na hukumu ya baraza

Msimu wa karafuu, baraza za Pemba hazilali mapema. Karafuu mbichi humwagwa katikati ya jamvi, watu wakazizunguka, mikono ikitenga karafuu na makonyo, na midomo nayo ikichambua watu. Usiku mmoja, pembezoni mwa Wete, zamu ilimfikia mama mmoja wa mtaa wa chini: watoto saba, mume kaenda dago, kambi ya uvuvi, harudi, na mtoto wa nne kesharudia darasa mara mbili.

"Watu kama hawa wasingezaa," alisema mwalimu mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu kwa kweli. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Wao wazito, wanazaa wazito, na skuli zinajaa."

"Astaghfiru, Maalim," akajibiwa. "Kila mja na riziki yake."

Mazungumzo yetu ya uzazi hukwama papo hapo kila siku, baina ya nyoka na riziki.

Haukupita muda, huyo mtoto wa nne akaja na pakacha la karafuu alizochuma mama yake. Zikapimwa: pishi sita na vibaba viwili, yaani pishi sita na nusu, kwa shilingi 1,200 kila pishi. Mwenye shamba akaanza kupapasa mfukoni kutafuta simu apige hesabu. Mtoto keshasema: "Elfu saba na mia nane. Na ya jana ilibaki mia tano." Simu ilipopatikana ilikubaliana naye, ile mia tano ya jana, simu haikuwa na habari nayo.

Sisemi kwamba kisa kimoja kimemshinda Maalim. Mtoto anaweza kuwa mwepesi wa pesa na akakwama kwenye kusoma ukurasa mmoja. Na hoja ya Maalim, tukiivua matusi yake, si tupu.

Akili hurithiwa kwa kiasi, hilo halina ubishi mkubwa tena. Pacha wa kufanana hukaribiana zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko pacha wasiofanana, na jambo hilo limeonekana katika tafiti nyingi. Na skuli kweli zinajaa: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima, ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu karibu laki sita wameongezeka ndani ya miaka kumi, na visiwa ni vilevile. Mwalimu aliyesomesha darasa lililofurika kwa miaka mingi ana haki ya kuchoka.

Ila Maalim anaruka mto bila daraja. Kutoka "akili hurithiwa" hadi "hawa wasizae" kuna safari ndefu, na katikati yake kuna ardhi. Chukua miche ya mkarafuu kutoka kitalu kimoja. Nusu yake ipande kwenye udongo mwekundu wa magharibi ya Pemba, nusu ipande uwandani, kwenye mawe ya upande wa Micheweni. Ndani ya shamba la udongo mwekundu, mti ukiuzidi mwenziwe huenda ni asili yao. Lakini ukiulinganisha na ule wa uwandani kisha ukalaumu mbegu, kila mkulima atakucheka.

Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walichapisha utafiti wa mapacha wa miaka saba huko Marekani. Katika familia zenye uwezo, sehemu kubwa ya tofauti za watoto ilielezeka kwa urithi. Katika familia maskini, urithi haukueleza karibu chochote, mazingira ya nyumbani ndiyo yalitawala. Ni haki niseme kwamba tafiti za nje ya Marekani hazikukuta pengo kama hilo, kwa hiyo si msumari wa mwisho. Lakini kuna jambo jengine: katika nchi nyingi wastani wa alama za vipimo vya akili ulipanda katika karne ya 20 kwa takriban pointi tatu kila miaka kumi, kama alivyoonyesha James Flynn. Damu ya watu haibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni chakula, maradhi, skuli na ukubwa wa familia.

Tena ushahidi mwengine hatuna haja ya kuufuata ng'ambo. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa hapa hapa Pemba kwa watoto ambao hawajafika umri wa skuli, wengi wao wakiwa na upungufu wa damu. Waliopewa madini ya chuma kila siku kwa mwaka mmoja waliendelea zaidi katika lugha kuliko wenzao. Waligawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo tofauti hiyo haikutoka kwenye urithi. Kidogo tu cha kutia damu nguvu, na mtoto anaongeza maneno. Wangapi kati ya "wazito" wa Maalim walikuwa wamepungukiwa na damu tu?

Nisiache nusu ya habari, maana tumezoea kutangaza dawa na kuficha madhara. Utafiti mwengine mkubwa, hapa hapa kisiwani, wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, ulisimamishwa upande huo mwaka 2003 kwa kuwa waliopewa walizidi kuugua vibaya na kufa, katika mazingira yenye malaria nyingi. Kisiwa kimoja, madini yaleyale, matokeo mawili. Kusaidia akili za watoto ni kazi ya kupima na kupima tena. Kuwahukumu wazazi wao ni rahisi zaidi, na labda ndiyo maana tunaipenda.

Chumvi nayo imo. Upungufu wa madini joto wakati wa ujauzito hudhuru ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa, na chumvi ya bahari peke yake haina madini hayo ya kutosha; lazima yatiwe. Sijawahi kusikia baraza ikiuliza mama mjamzito anakula chumvi gani.

Walioipeleka fikra ya Maalim mpaka mwisho wamekuwepo. Francis Galton, Muingereza, aliipa jina la "eugenics" mwaka 1883, akitaka "bora" wazae na "duni" wapunguzwe. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali jimbo la Virginia limfunge kizazi msichana mmoja, Carrie Buck, kwa hoja kwamba yeye, mama yake na mtoto wake wote ni punguani. Carrie alikuwa amebakwa na jamaa wa nyumba aliyokuwa akilelewa, na mimba ile ndiyo iliyofanywa ushahidi wa upungufu wake. Mtoto wake, Vivian, alikufa akiwa na miaka minane, lakini kabla ya hapo skuli ilishamwandika katika orodha ya wanafunzi wanaofanya vizuri. Marekani peke yake ilifunga vizazi vya watu zaidi ya 60,000.

Sisi hatukufika huko, lakini kumpima mwanamke kwa mimba yake tunakujua. Kwa sheria ya 1985, Zanzibar iliweza kumfunga jela msichana asiyeolewa aliyeshika mimba, mpaka sheria ya 2005 ilipobadilisha adhabu hiyo.

Na upande wa riziki? Nauona karibu na moyo wangu kuliko ule wa nyoka, lakini nao una uvivu wake. Aya ya Surat al-Israa inakataza kuua watoto kwa kuogopa umasikini. Haikusema baba aende dago asirudi kwa kuwa Mungu atalisha. Kitabu hichohicho, katika Surat al-Baqara, kimetaja kunyonyesha miaka miwili kamili na kikamtwisha baba chakula na nguo za mama. Masahaba walifanya azli, yaani kumwaga nje ili mimba isiingie, na wanazuoni wameijadili bila ya kupiga kelele. Kupisha uzazi si kumkadiria Mungu. Na anayemwambia mwanamke "zaa tu, atakuja na riziki yake," bila ya kupeleka hata kibaba cha mchele, anampa neno tu.

Kwa hiyo swali la ulezi ni halali, nalikubali: mtoto atakula nini, nani atazungumza naye, nani atamfundisha. Ila hilo ni swali la kuulizwa watu wawili, tena kabla, tena kwa heshima, na halina haja ya kipimo cha akili. Usiku ule tulikaa zaidi ya saa nzima tukimjadili yule mama, watoto wake, hata kizazi chake. Mume wake hatukumtaja ila kwa ile sentensi moja ya dago, na hakuna aliyeuliza ni dago gani.

Mwenye shamba alimhesabia mtoto elfu saba na mia nane akasema ile ya jana tutaonana kesho. Mtoto akazikunja, akazitia mfukoni, akabaki amesimama ukingoni mwa jamvi. Maalim ndiye aliyeinua kichwa: "Mpe mia tano yake, yakhe."