Tupa Kwanza, Mashine Mpya Baadaye

Kila anayenijia kutaka ushauri wa kuanzisha biashara ndogo ya kuni huanza na swali moja: anunue mashine gani? Nami humuuliza kama ana tupa, kile chuma cha kunolea meno ya msumeno, na kama anajua kuitumia. Wengi hucheka, wakidhani ninakwepa kutoa siri ya kazi. Sina siri nyingine. Baada ya miaka kadhaa ya kukata, kupasua, kukausha na kuuza, nimeamini kwamba faida ya biashara hii haipotelei sokoni kama tunavyopenda kulalamika, bali hupotelea kwenye jino butu la msumeno, kwenye dumu la petroli lililochanganywa kwa kukadiria, na kwenye safu ya kuni iliyopangwa juu ya udongo ikaoza kuanzia chini. Aliyeshindwa kutunza vifaa vitatu akiongezewa mashine kubwa huwa ameongezewa hasara tu.

Nianze na msumeno wa mnyororo, au chenso kama wengi wetu tunavyouita, kwa sababu ndicho kifaa kinachonyanyaswa kuliko vyote. Chenso haifichi ugonjwa wake. Mnyororo wenye makali hutema vipande vinavyoonekana na kushikika kwa vidole. Mnyororo butu hutoa unga laini unaoruka na upepo na kujaa kwenye chujio la hewa. Ule mkali huzama ndani ya gogo kwa uzito wake wenyewe, ilhali ule butu hutaka kusukumwa, na hapo ndipo gharama zinapoanza kufuatana: petroli inakwisha haraka, baa (ule ubapa wa chuma unaozungukwa na mnyororo) inapata moto, mnyororo unatanuka na kulegea, na mkataji anachoka mapema. Mkataji aliyechoka ndiye anayesahau ncha ya baa iko wapi. Sehemu ya juu ya ncha hiyo ikigusa gogo jingine wakati mnyororo unazunguka, msumeno huruka nyuma kuelekea usoni kwa kasi isiyoweza kuwahiwa na mkono wowote, na kilichobaki kumwokoa mtu ni breki ya mnyororo, kama aliikagua asubuhi ile.

Katika mwaka wangu wa kwanza niliwahi kununua magogo yaliyokuwa yameburutwa kwenye tope. Tope lilikuwa limekauka na kushikamana na magome, nami kwa haraka yangu nikakata hivyo hivyo. Gogo la kwanza lilipita, la pili likaanza kutoa moshi, na la tatu msumeno ukawa unasugua badala ya kukata. Nilipoutazama mnyororo kwa karibu, kila jino lilikuwa na mstari mwembamba uliong'aa kwenye ukingo wake, kama uzi wa fedha. Mng'ao huo humdanganya mgeni, kwa kuwa ukingo wenye makali hauakisi mwanga. Kinachong'aa ni mahali palipolika pakawa bapa. Siku hizi gogo lenye udongo hulipiga brashi ya waya mahali ninapotaka kukata, na gogo lililolala chini silikati hadi mwisho kwa mkato mmoja: ninakata sehemu kubwa, ninaligeuza, kisha ninamalizia upande wa pili. Kugusa ardhi kwa sekunde moja kunatosha kuharibu kazi ya tupa ya nusu saa.

Kazi yenyewe ya kunoa si ngumu, ila inadai uvumilivu ambao wengi hawako tayari kuutoa jioni wakiwa wamechoka. Tupa ni ya duara, na unene wake hutegemea mnyororo: misumeno midogo mingi hutumia ya milimita 4.0, ya wastani hutumia ya milimita 4.8, na minyororo mikubwa zaidi hutaka ya milimita 5.2 au 5.5. Anayetumia tupa moja kwa minyororo yote anabadilisha umbo la jino, hata kama anadhani ananoa. Ninaibana baa kwenye jiliwa (kibanio cha mezani), ninaweka alama ya rangi kwenye jino la kuanzia, kisha ninasukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje kwa pembe ya kama nyuzi 30, nikiinyanyua kila inaporudi, kwa kuwa tupa hukata ikienda mbele tu na kuiburuta kinyumenyume ni kuiua. Misukumo ni mitatu au minne, na idadi ni ileile kwa kila jino. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya upande wa pili, msumeno utakata kwa kupinda, na kuni zitatoka na vichwa vya mshazari visivyopangika.

Kuna kitu kimoja ambacho hata wakataji wazoefu hukisahau, nacho ni kale kanundu kaliko mbele ya kila jino. Kazi ya kanundu hako ni kuamua jino lichote mbao kwa kina gani. Jino likinolewa mara nyingi hushuka kimo, kanundu hubaki palepale, na siku moja mtu hujikuta na meno makali yasiyokata chochote, akaulaumu mnyororo. Kanundu kanapaswa kuwa chini ya ncha ya jino kwa kama milimita 0.65 kwenye minyororo mingi, na husawazishwa kwa tupa bapa na kipimo chake. Mtu akikapunguza kupita kiasi kwa tamaa ya kasi, msumeno huanza kurukaruka na kung'ata kwa fujo. Kuhusu mashine za umeme za kunolea, ninazitumia kwa nadra na kwa tahadhari, kwa sababu mkono ukikaa sekunde mbili zaidi ya inavyotakiwa jino hugeuka rangi ya samawati, na chuma kilichoungua hivyo kimepoteza ugumu wake.

Kosa lililonigharimu zaidi halikuhusu makali. Injini nyingi za chenso ni za mipigo miwili, hazina oili yake pembeni kama ya gari, na kila tone la ulainishaji huja ndani ya petroli. Mchanganyiko wa kawaida ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili maalumu kwa kila lita ya petroli, ingawa injini za zamani huweza kutaka zaidi, na neno la mwisho ni la kijitabu cha mashine yenyewe. Nilikuwa na madumu mawili yanayofanana, moja la mchanganyiko na jingine la petroli tupu, na msaidizi wangu akajaza kutoka lile tupu. Msumeno uliwaka vizuri, tena kwa sauti kali kuliko kawaida, kisha baada ya muda mfupi ukazimika na kamba ya kuwashia ikagoma kuvutika. Fundi alipofungua, pistoni ilikuwa imechanika michirizi wima upande mzima. Sikumkata msaidizi chochote, kwa sababu kosa lilikuwa langu la kuweka madumu yasiyo na alama. Sasa dumu la mchanganyiko ni jekundu, limeandikwa tarehe, na lililozidi mwezi mmoja halitiwi kwenye chenso.

Mengine ni ya kila siku na hayahitaji hotuba. Chujio la hewa lisafishwe, mfereji wa baa ukwanguliwe, tundu la oili ya mnyororo lizibuliwe, na baa igeuzwe juu chini mara kwa mara ili isilike upande mmoja. Kabla ya kukata, ninaielekeza ncha ya baa kwenye kipande cheupe cha mbao na kuiongezea injini kasi kidogo. Usipoonekana mstari wa oili, sikati. Mnyororo uliokazwa ukiwa na moto ulegezwe kazi ikiisha, kwa maana chuma husinyaa kikipoa na mvutano huo huumiza baa na ekseli ya injini.

Shoka nalo lina adui wake, na adui huyo ni ndoo ya maji. Mpini ukilegea, watu hulitumbukiza shoka majini usiku kucha, asubuhi mti umevimba na kila mtu ameridhika. Lakini nyuzi za mti zilizovimba ndani ya tundu la chuma hujiponda, na mpini ukikauka hulegea kuliko ulivyokuwa. Afadhali kupigilia kabari mpya. Tena shoka la kupasulia halihitaji wembe. Linahitaji uzito na ubavu mnene unaosukuma mti kando, na ndiyo maana shoka jembamba la kukatia hunasa kwenye gogo na kumfanya mtu aonekane mnyonge mbele ya wateja.

Mashine ya haidroli ya kupasulia, ile inayopasua gogo kwa nguvu ya mafuta yenye shinikizo kubwa, inaokoa migongo, sikatai. Ninachosisitiza ni mambo mawili. La kwanza, anayeweka gogo na anayeshika mkono wa mashine awe mtu mmoja, kwa kuwa vidole vingi hupotea pale ambapo mmoja anapanga gogo na mwenzake anavuta mkono akidhani mambo yako tayari. La pili, hosi ikishukiwa kuvuja isipapaswe kwa mkono kamwe. Mafuta yanayotoka kwenye kitundu kidogo chini ya shinikizo hilo hupenya ngozi kama sindano. Kidonda huonekana cha upuuzi, lakini ndani mafuta yanaua nyama, na aliyepatwa anahitaji daktari wa upasuaji saa ileile. Pitisha kipande cha boksi karibu na hosi, kitalowa na kukuonyesha.

Hata hivyo vifaa vyote hivi ni vya kutengeneza bidhaa moja, na bidhaa hiyo kwa maoni yangu ni ukavu kuliko ilivyo kuni. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa nusu ya uzito wake maji. Chukua kilo 100 za mti wa namna hiyo: kilo 50 ni mti mkavu na kilo 50 ni maji. Zikikaushwa hadi unyevu wa asilimia 20, ambacho ndicho kiwango cha kuni nzuri, uzito utakuwa kilo 62.5. Kilo 37.5 zimekwenda hewani. Anayenunua mbichi kwa uzito na kuuza kavu kwa uzito bila kufanya hesabu hii atashangaa fedha zimekwenda wapi, na anayeuza mbichi kwa bei ya kavu anamuuzia mteja maji, ambayo moto wake utalazimika kuyachemsha na kuyafukuza kabla ya kutoa joto la maana. Nimewahi kurudishiwa mzigo na mama mmoja aliyeniwekea ukuni mmoja motoni mbele ya macho yangu: vichwa vikaanza kutoa povu, vikalia kama mtu anayenyonya meno, moshi ukatanda. Hakusema neno. Nilipakia mzigo na kurudisha fedha.

Tangu siku hiyo nina kipima unyevu, na ninakitumia ipasavyo, yaani ninaupasua ukuni na kupima uso wa ndani, kwa sababu uso wa nje hukauka mapema na kusema uongo. Mti hupoteza maji zaidi kupitia vichwa vyake kuliko kupitia ubavu, kwa hiyo kuni fupi zilizopasuliwa hukauka miezi mingi kabla ya gogo zima lenye gome. Ninazipanga juu ya vibao, juu kuna paa na pembeni kuko wazi, upepo upite. Turubai iliyofunika hadi chini ni chungu cha kupikia ukungu. Katika England, tangu Mei 2021, kuni zinazouzwa kwa ujazo mdogo usiofika mita za ujazo 2 ni lazima ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20, na mimi naona hata pasipo na sheria muuzaji angejiwekea mwenyewe. Vivyo hivyo kwa kipimo: mita moja ya ujazo iliyopangwa vizuri ina mti kama theluthi mbili na hewa iliyobaki, lakini ikitupwa ovyo kwenye gari mti hupungua sana, kwa hiyo mteja aambiwe anauziwa ipi.

Mashine yangu ya haidroli niliinunua mwaka wa nne. Nilikuwa na daftari linaloonyesha lita za petroli, minyororo iliyokwisha, saa za kupasua na mita za ujazo zilizouzwa, na kurasa zake zilionyesha kwamba chenso ilikuwa inakata kuni nyingi kuliko mashoka mawili yalivyoweza kuzipasua, mwezi baada ya mwezi. Kabla ya hapo, kila nilipotaka kununua, daftari hilohilo lilikuwa linaonyesha siku ambazo chenso ilisimama kwa uzembe wangu. Kijana aliyenijia wiki iliyopita nimempa tupa ya milimita 4.8 na mnyororo mmoja mzee, arudi akishaunoa.